Msimamizi Asiyeamini

Kiswahili kimeipa shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu jina lenye maji ndani yake: uzamivu. Mzamivu ni mtu wa kuzama, anayeshuka chini kutafuta kitu ambacho waliobaki kwenye ngalawa hawakioni. Ila mtaani neno hili lina ndugu yake. Kuzamia ni kuingia kwenye harusi ya watu bila kadi, au kujificha ndani ya meli na kuibukia Ulaya. Kila nikisoma historia ya akili mnemba naona maana zote mbili zinahitajika. Wengi walioibadilisha fani hii walikuwa wazamivu, na baadhi yao walikuwa wazamiaji pia: waliingia kwenye idara ambazo hazikuwa zimewawekea kiti.

Leo viti vimejaa. Vyuo vinafungua kozi za uzamili na uzamivu katika akili mnemba, wafadhili wanatangaza nafasi, na kijana aliyemaliza shahada ya kwanza ya kompyuta Dar es Salaam au Nairobi anashauriwa na kila mjomba asomee hiyo hiyo. Ni vigumu kuamini kwamba miaka hamsini iliyopita kijana aliyechagua kutafiti mitandao ya nyuroni, yaani teknolojia ile ile inayoendesha mashine zote zinazosifiwa sasa hivi, alionekana amepotea njia. Kijana mmoja wa namna hiyo anajulikana dunia nzima: Geoffrey Hinton. Habari yake imesimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara kwa mtindo mmoja: mkaidi mmoja, dunia nzima ikimpinga, mwisho wake anashinda. Mimi nataka kumtazama mtu mwingine aliyekuwa ndani ya chumba kile, aliyekaa upande wa pili wa meza. Namaanisha msimamizi wake.

Kwanza tuelewe ugomvi wenyewe ulihusu nini. Chukua neno letu moja tu: hawatatupikia. Mwanaisimu atalikata vipande saba. Kuna ha- ya kukanusha, wa- ya watendaji, -ta- ya wakati ujao, -tu- ya watendewa, -pik- ambayo ndiyo mzizi, -i- ya kutendea, na -a ya kumalizia. Ukiiandikia kompyuta kanuni za vipande hivyo, itaweza kulichambua neno hilo na maelfu mengine ya aina yake. Kambi ya kwanza ya watafiti iliamini kwamba akili ndiyo hiyo: alama, na kanuni za kuzipanga alama.

Sasa mchukue mtoto wa miaka minne pale Tanga. Hajui mzizi wala kiambishi, lakini shangazi zake wakisafiri atakwambia bila kukosea kwamba leo hawatatupikia. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha kanuni. Amesikia watu wakiongea mpaka ubongo wake ukajipanga wenyewe. Kambi ya pili ilisema basi na kompyuta ifanyiwe hivyo: ipewe vijisehemu vingi vidogo vilivyounganishwa kama nyuroni, ioneshwe mifano, na kila inapokosea nguvu ya viungo vile irekebishwe kidogo.

Kambi ya pili ilianza kwa kelele. Mwaka 1958 mwanasaikolojia wa Marekani, Frank Rosenblatt, aliutambulisha mtandao wake ulioitwa Perceptron, na magazeti yakaupokea kwa shangwe. Shangwe haikudumu. Mwaka 1969 Marvin Minsky na Seymour Papert wa chuo cha MIT walichapisha kitabu kilichobeba jina la uvumbuzi huo, Perceptrons, wakaonesha kwa hisabati mambo ambayo mtandao wa tabaka moja hauwezi kuyafanya hata ukifundishwa milele. Watu wengi walikisoma kitabu kile kama tanzia. Miaka miwili baadaye Rosenblatt mwenyewe alifariki katika ajali ya mashua, siku aliyotimiza miaka 43. Kuna jambo hapa ambalo husahaulika: Minsky naye alipata uzamivu wake Princeton, mwaka 1954, kwa tasnifu iliyohusu mitandao ya nyuroni. Mtu aliyesaidia kuufunga mlango alikuwa ameingilia mlango huo huo.

Na kambi ya kwanza ndipo ilipopata lulu yake. Mwaka 1971, pale pale MIT, Terry Winograd alitetea tasnifu chini ya usimamizi wa Papert. Alikuwa ametengeneza programu iliyoitwa SHRDLU. Ilikuwa na meza ya kufikirika yenye vitofali na piramidi za rangi mbalimbali, na mtu aliweza kuiandikia kwa Kiingereza cha kawaida: shika kile kikubwa chekundu, kiweke juu ya kile cha kijani. Programu ilitii, ikauliza pale isipoelewa, na ilipoulizwa kwa nini imefanya hivi au vile, ilijieleza. Kwa mtu wa mwaka 1971 hii ilikuwa kama kuona jiwe linazungumza. Tasnifu ile ilivuka bahari haraka, na mmoja wa waliotekwa nayo alikuwa profesa mmoja pale Edinburgh, Uskoti.

Christopher Longuet-Higgins hakuwa mtu mdogo. Akiwa bado mwanafunzi Oxford, alieleza umbo la molekuli ya diborane, kitendawili kilichowasumbua wakubwa wa kemia. Alikuwa profesa wa kemia ya nadharia Cambridge. Alikuwa mwanamuziki. Mwaka 1967, akiwa na miaka 44, aliiacha kemia aliyoheshimika nayo akahamia Edinburgh, ambako pamoja na Donald Michie na Richard Gregory walijenga idara ya akili ya mashine. Yeye naye, kwa maana ya mtaani, alikuwa amezamia.

Mwanzoni kabisa Longuet-Higgins alikuwa karibu na kambi ya pili. Mwaka 1969, akiwa na David Willshaw na Peter Buneman, alichapisha katika jarida la Nature makala kuhusu namna mtandao rahisi unavyoweza kuhifadhi kumbukumbu kwa kuzitawanya kwenye viungo vingi, badala ya kuweka kila moja kwenye kijisanduku chake. Kijana aliyevutiwa na wazo la namna hiyo angemwona huyu ndiye mwalimu hasa wa kumfuata.

Geoffrey Hinton alivutiwa. Alikuwa ametoka Cambridge mwaka 1970 na shahada ya saikolojia, baada ya kurukaruka kutoka somo moja hadi jingine, kisha akafanya useremala kwa muda. Mwaka 1972 akaingia Edinburgh kuanza uzamivu. Tatizo ni kwamba kufikia wakati huo mwalimu alikuwa amehama kambi. Alikuwa ameisoma kazi ya Winograd, akaamini kwamba njia ya alama na kanuni ndiyo iliyofunguka. Mwanafunzi alifika na barua ya posa, akakuta mchumba ameshaolewa.

Hebu fikiria hali hiyo kwa utulivu. Katika uzamivu wa Kiingereza hakuna madarasa mengi ya kukuficha. Kuna wewe, swali lako, na msimamizi wako. Yeye ndiye anayekwambia usome nini, ndiye anayependekeza watahini, na ndiye atakayeandika barua utakapotafuta kazi. Msimamizi akisema swali lako limekufa, wengi wetu tutalizika. Hinton amesimulia mara kadhaa kwenye mahojiano kwamba walikutana kila wiki, na kwamba baadhi ya vikao viliishia kwa kupigiana kelele. Longuet-Higgins alimtaka abadilishe mada. Hinton alikuwa akimwomba miezi sita mingine, na miezi sita ikiisha anaomba tena.

Huku hayo yakiendelea, nyumba yenyewe iliungua. Baraza lililotoa fedha za utafiti Uingereza lilimpa kazi James Lighthill, mwanahisabati mashuhuri wa Cambridge, aipime fani nzima ya akili mnemba. Ripoti yake ilitoka mwaka 1973. Lighthill aliigawa fani mafungu matatu: upande mmoja mashine za viwandani na ofisini, upande wa pili utafiti wa ubongo, na katikati fungu la roboti lililodai kuwa daraja la kuunganisha pande hizo mbili. Hukumu yake ilikuwa kwamba daraja halishiki. Kulifanyika hata mjadala uliorushwa na televisheni ya BBC, Lighthill upande mmoja, na upande wa pili Michie, Gregory na John McCarthy aliyetoka Marekani. Edinburgh ilikuwa na roboti yake, Freddy, iliyoweza kuchambua rundo la vipande na kuunganisha kigari cha kuchezea. Haikutosha. Fedha zilikatwa, na fani nzima Uingereza ikaingia kwenye kipindi ambacho wenyewe hukiita majira ya baridi.

Kwa hiyo mwanafunzi huyu alikuwa mkiwa mara mbili. Fani yake ilikuwa imekataliwa na serikali, na ndani ya fani hiyo iliyokataliwa, yeye alikuwa kwenye kona ambayo hata waliokataliwa waliidharau. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini ni rahisi kuyasema hayo ukiwa hukushika koleo lenyewe.

Longuet-Higgins alijibu ripoti ya Lighthill kwa maandishi. Alisema kipimo kilichotumika hakikuwa sahihi, kwa sababu thamani ya kazi hii ni kutusaidia kuelewa namna binadamu anavyofikiri, hata kama roboti zitachelewa. Katika maandishi hayo ndimo lilimotumika jina la sayansi ya utambuzi kwa ajili ya fani ambayo leo ina idara zake duniani kote. Mwaka 1974 akahamia Chuo Kikuu cha Sussex, kusini mwa Uingereza. Hinton naye alifanya kazi Sussex kwa muda kabla ya kutunukiwa uzamivu wa Edinburgh mwaka 1978.

Na tasnifu ilihusu nini? Hapa ndipo simulizi la mkaidi mshindi linapochanika kidogo. Ukitegemea kukuta ndani yake mashine za leo zikiwa changa, hutazikuta. Hinton aliipa kompyuta picha ya mistatili mingi iliyolaliana, na kuitaka imtafute mwanasesere: kipi ni paja, kipi ni mkono, kipi ni shingo. Mstatili mmoja unaweza kukisiwa kuwa zaidi ya kitu kimoja. Kila kisio lilipewa uzito, makisio yanayopatana yakaungana mkono, yanayogombana yakapunguzana nguvu, na taratibu picha nzima ikatulia kwenye jibu moja. Ni kama kikao cha ukoo kinachotafuta muafaka: hakuna anayetoa amri, kila mmoja anamsikiliza jirani yake mpaka mzozo unapoa. Tasnifu ile ilikaa katikati. Vitu vyake vilikuwa na majina, kama walivyotaka watu wa kanuni, lakini namna ya kufikia jibu ilikuwa ya vijisehemu vingi vinavyoshauriana, kama walivyotaka watu wa nyuroni. Mimi nikiiangalia naiona sauti ya kelele za kila wiki. Mwanafunzi alikuwa amelazimika kujibu hoja za mtu mwenye akili kali ambaye hakubaliani naye.

Sasa tusiharakishe kutoa funzo la aina ya "usikate tamaa". Miaka ile ile ilikuwa na wengine waliokuwa sahihi na hawakusikika. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Helsinki, Seppo Linnainmaa aliandika tasnifu ya uzamili, kwa lugha ya Kifini, kuhusu namna makosa madogo ya kukadiria yanavyojilimbikiza ndani ya hesabu ndefu. Ili kuyafuatilia, alibuni njia ya kukokotoa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Hisabati hiyo ndiyo kiini cha namna mitandao ya nyuroni inavyofundishwa leo: kosa linatazamwa mwishoni, kisha lawama inagawanywa kwenda nyuma kwa kila kiungo. Mwaka 1974, Paul Werbos aliandika tasnifu ya uzamivu Harvard iliyobeba wazo la namna hiyo, akalijaribu kwenye masuala ya utaifa na mawasiliano ya jamii. Mitandao ilikuwa imezikwa kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kufundisha tabaka zaidi ya moja. Dawa ilikuwepo rafuni. Ilipatikana kwa mapana mwaka 1986 tu, baada ya David Rumelhart, Hinton na Ronald Williams kuichapisha katika Nature kwa namna iliyoeleweka.

Na aliyeshinda wakati ule, Winograd? Alikwenda Stanford, na kadiri miaka ilivyopita akazidi kuitilia shaka njia yake mwenyewe. Nje ya meza ile ya vitofali, kanuni ziligoma. Mwaka 1986, mwaka ule ule, yeye na Fernando Flores walichapisha kitabu kilichohoji kama kompyuta inaweza kuelewa lugha kwa njia ile kabisa. Tasnifu iliyombadilisha msimamizi wa Edinburgh haikumshikilia hata mwandishi wake.

Ndiyo maana nasema uzamivu usipimwe kwa kuuliza nani alikuwa sahihi. Siku ya kutetea, hakuna mtu chumbani anayejua. Kutoka mwaka 1978 hadi 2012, wanafunzi wawili wa Hinton pale Toronto, Alex Krizhevsky na Ilya Sutskever, waliposhinda pamoja naye shindano la kutambua picha kwa kiwango cha makosa cha asilimia 15.3 huku aliyewafuata akiwa na asilimia 26.2, ni miaka 34. Na wazo peke yake halikutosha. Zilihitajika picha zaidi ya milioni moja zilizopewa majina na watu, na vichakato vilivyotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Msimamizi aliyesema mwaka 1972 kwamba njia hii haiendi popote hakuwa mjinga. Kwa kompyuta za mwaka 1972, haikuwa ikienda popote.

Narudi kwake. Longuet-Higgins hakuamini. Angeweza kumnyima mwanafunzi muda, au kumwambia kwa upole kwamba wafadhili hawapendi, sentensi ambayo imezika maswali mengi kuliko ripoti yoyote. Badala yake alikaa naye kila wiki akagombana naye juu ya hoja yenyewe, na kijana akamaliza. Kabla ya hapo, miaka ya hamsini, alikuwa mmoja wa wasimamizi wawili wa uzamivu wa Peter Higgs jijini London. Higgs alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2013, Hinton akaipata mwaka 2024 pamoja na John Hopfield. Longuet-Higgins hakuziona zote mbili. Alifariki mwaka 2004, wakati mitandao ya nyuroni bado ilikuwa mada ya kuombea radhi kwenye makongamano.

Kwetu jambo hili si hadithi ya mbali. Kuanzia mwaka 1985, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, chuo kile kile cha Linnainmaa, alijenga mfumo wa kuchambua Kiswahili kwa kanuni, aliouita SALAMA. Ni kazi ya kambi ya kwanza, na maneno kama hawatatupikia inayaweza barabara. Leo upepo umegeuka. Kambi ya pili ndiyo yenye fedha, na mashine zake hula maandishi kwa mabilioni ya maneno. Kiingereza kinazo ghala za kuzilisha. Kiswahili kina akiba ndogo, na Kihaya au Kimakonde ndogo zaidi. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayetaka kuuliza kwa nini yule mtoto wa Tanga anatosheka na maneno machache wakati mashine inataka bahari nzima, au kama kanuni za wazee zinaweza kuoanishwa na mitandao ya vijana, atakuwa anauliza swali lisilo na mtindo. Hana mashine kubwa za kushindana na makampuni. Ana swali. Inategemea sana atamkuta nani upande wa pili wa meza, na kama mtu huyo atakuwa tayari kugombana naye kila wiki badala ya kumpa mada iliyopo kwenye tangazo la ufadhili.

Hinton mwenyewe, akiwa mzee mwenye sifa zote, alimwambia mwandishi wa habari mwaka 2017 kwamba ana mashaka makubwa na njia ile ile ya kurudisha makosa nyuma iliyompa jina, na kwamba mustakabali unamtegemea mwanafunzi fulani wa uzamivu anayetilia shaka kila kitu ambacho yeye Hinton amewahi kusema. Mwanafunzi huyo, kama yupo, sasa hivi ana msimamizi. Huenda msimamizi wake ameshamwambia mara mbili abadilishe mada.